Uzoefu wangu na Capcom Beat 'Em Up Bundle kwenye PS4: gemu saba, pedi nne na wapwa zangu wa Chikongola

Kwanza niseme nilikotoka ndo mtanielewa. Sisi tuliokulia Mtwara mjini, gemu za zamani tulizipata kwa njia mbili tu, kaseti ya Kichina iliyoandikwa gemu 999 kumbe zenyewe hata ishirini hazifiki zinajirudia tu kwa majina tofauti, au banda la gemu la mtaani unalipa mia yako unashika pedi mpaka ufe umpishe mwenzio. Zile mashine zenyewe za kusimama unatumbukiza sarafu, mimi sijawahi kuiona hata moja kwa macho yangu. Nimezijua kupitia TV ya chogo ya banda, basi.

Sasa mwaka jana nikanunua ile stiki ya kuchomeka nyuma ya TV, inakuja na pedi mbili zisizo na waya, muuzaji anakwambia gemu elfu kumi. Nimekaa nayo wiki tatu nikaiweka kabatini. Gemu zinajirudia kama kaseti ya zamani vilevile, sauti inakwaruza, na kubwa zaidi pedi zinachelewa, yani unabonyeza kuruka, jamaa anakuja kuruka wewe ushapigwa ngumi mbili. Kwa gemu ya kupigana hiyo hakuna namna, huwezi kuzoea.

Ndo nikaamua kununua hii ya Capcom, kampuni ya Kijapani ya gemu, ilitoka 2018, bei yake ya kawaida dola 20 kasoro senti moja. Akaunti yangu ya duka la PlayStation ni ya Marekani kwa hiyo nilitafuta kadi ya zawadi nikaingiza, bando halikuumia kama ninavyoumia nikishusha gemu za mpira. Ndani kuna gemu saba: Final Fight, Captain Commando, The King of Dragons, Knights of the Round, Warriors of Fate, Armored Warriors na Battle Circuit, zote za kutembea mbele na kupiga kila anayekuja, kuanzia ya 1989 mpaka ya 1997. Saba ni chache ukilinganisha na elfu kumi, najua, ila hizi ni zenyewe. Ni programu ileile iliyokuwa kwenye mashine ya sarafu, sio ile iliyopunguzwa ikae kwenye kaseti ya nyumbani. Mfano Final Fight ya Super Nintendo, ile mashine ya nyumbani ya kaseti, Guy, mmoja wa wapiganaji watatu, hayupo kabisa, hamuwezi kucheza wawili, na steji ya kiwandani imetolewa nzima. Watu wamekua na ile wakidhani ndo gemu yenyewe. Na hizo mbili za mwisho, Armored Warriors na Battle Circuit, kabla ya hapa hazikuwahi kutoka rasmi kwenye mashine yoyote ya nyumbani.

Picha haijazi TV, inakaa katikati na pembeni wameweka michoro, na mimi nakushauri uiache hivyo usiivute, ukiivuta Haggar wa Final Fight anakuwa mnene kama gunia la korosho. Pedi inajibu hapohapo. Usiku wa kwanza nilikaa peke yangu na Haggar, meya wa mji anayeenda kumtafuta binti yake, nikavunja pipa nikakuta kuku wa kuchoma, nikaokota maisha yakajaa, nikajikuta natabasamu mwenyewe sebuleni.

Ila utamu wenyewe ulikuja likizo ya Desemba dada yangu aliponiletea wanawe watatu. Captain Commando inachezwa na watu wanne kwa pamoja. Pedi mbili nilikuwa nazo, ya tatu nikaazima kwa jirani, ya nne nikainunua kwa fundi sokoni, imetumika na inajiendea kushoto kidogo lakini inafanya kazi. Yule mdogo wa miaka sita akamuona Baby Head, kitoto kichanga kinachoendesha roboti, akaniuliza "mjomba, huyu mtoto mama yake yuko wapi?" nikamwambia yuko nyumbani anamsubiri, basi tangu siku hiyo hakuna mwingine anayeruhusiwa kumshika. Wakagundua pia unaweza kumdondosha adui kwenye roboti lake ukapanda wewe, hapo kelele zilizotoka mpaka dada alitoka jikoni kuja kuangalia. Halafu hadithi ya gemu hiyo wameiweka mwaka 2026, walioitunga 1991 waliona ni mbali kweli.

Kitu kimoja mjue kabla hamjanunua. Humu sarafu hazina mwisho, ukifa unabonyeza kitufe unaongeza nyingine unaendelea palepale. Siku ya pili watoto waliimaliza Captain Commando kwa kufa tu na kubonyeza, wakaniambia imeisha mjomba, nyingine. Yani wamepita bila kujifunza hata bosi mmoja anapigwaje, na gemu hizi zilitengenezwa zikule sarafu, ugumu wake ndo ulikuwa biashara, ukiondoa uchungu wa kupoteza sarafu umeondoa nusu ya gemu. Nikaweka sheria ya nyumbani, kila mtu sarafu tatu, zikiisha unatoa pedi unakaa pembeni. Siku hiyohiyo wakabadilika, wakaanza kuambiana nani aokote kuku, nani asogee nyuma, yule mkubwa akajifunza kujikinga kwenye Knights of the Round, kitu ambacho kwa sarafu za bure asingekihangaikia.

Kucheza mtandaoni nilijaribu mara mbili kwa hotspot ya simu, inakwamakwama, nikaacha. The King of Dragons kwangu ni ya kawaida, tulicheza mara moja. Street Fighter 30th Anniversary Collection, mkusanyiko mwingine wa Capcom, nimeicheza kwa mshikaji wangu Shangani, gemu 12 na unaweza kuhifadhi popote ulipofika, nzuri sana ila hapo ni wawili wawili, wengine wanasubiri.

Kinachoniuma ni kimoja. Mustafa haipo. Namaanisha Cadillacs and Dinosaurs ya 1993, ile ambayo banda letu hakuna aliyeiita hivyo, wote tuliita Mustafa kwa ajili ya Mustapha Cairo, jamaa mwepesi kuliko wote. Ni ya Capcom hiyohiyo, lakini wahusika wake walitoka kwenye kitabu cha katuni cha Kimarekani kwa hiyo haki sio za Capcom peke yao. Naelewa sababu, na bado kila nikifungua ile orodha jicho langu linaitafuta. Siku wakiitoa rasmi nitalipa bei watakayosema.

Sasa hivi tuko kwenye Battle Circuit, nayo ni ya watu wanne, tumekwama steji ya mwisho kwa sarafu tatu tatu. Shule imefunguliwa, wapwa wanakuja Jumamosi tu, na yule wa Baby Head kashaacha agizo kwamba nisiijaribu bila yeye. Sijaijaribu.