Kupima na kujaza mtungi wa CO2 wa soda za nyumbani: uzoefu wangu nikiwa Malindi

Natengeneza soda ya tangawizi na ya ukwaju hapa nyumbani Malindi, naitia gesi kwa mtungi wa CO2 (kaboni dioksidi, ile gesi ya mapovu ya soda) wa kilo 5. Gesi ya kupikia utaipata kila mtaa, lakini hii kupata wa kuijaza ni kazi. Kuna mahali hapa mjini walikuwa tayari kunijazia papo hapo, hawakuangalia tarehe ya mtungi, mizani hakuna, nikachukua mtungi wangu nikaondoka.

Nikaupeleka karakana moja kule Shimanzi, Mombasa. Fundi wa pale hakugusa mpira wa gesi kwanza, alichukua brashi ya waya akasugua begani mwa mtungi, manake hewa ya bahari ilishaufanya kutu na maandishi hayasomeki, mpaka namba zikatokea na kumbe kipimo cha mwisho kimepita miaka 5. Akaniambia, "Mamangu, huu siujazi mpaka upimwe." Wallahi nilifurahi.

Kupima kwenyewe, wanafungua valvu na kuitoa, wanamulika ndani kutafuta kutu, halafu wanaujaza maji na kuyasukuma kwa presha kubwa kuliko ile ya kazi, wanapima umetanuka kiasi gani na kama umerudi. Wanatumia maji kwa sababu hayabinyiki kama gesi, mtungi ukishindwa haulipuki kama ungekuwa na gesi. Baadaye wanaukausha kabisa, manake maji yakibaki yanachanganyika na CO2 yanakuwa asidi inayokula chuma kwa ndani. Tarehe mpya wakaigonga palepale begani.

Kujaza ni juu ya mizani, wanasoma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa, wanaongeza kilo 5 wanafunga, hakuna cha nyongeza. Na hapa nataka watu waelewe, geji haikuonyeshi gesi imebaki kiasi gani, CO2 ndani imekaa kama maji kwa hivyo mshale unasimama palepale mpaka hiyo CO2 ya majimaji iishe ndio unaporomoka. Sasa huku kwetu wakati wa kaskazi joto likipita 31°C haikai tena kama maji, na mtungi uliozidishwa presha yake inapanda vibaya, kile kidiski cha usalama kwenye valvu kinapasuka gesi yote inatoka. Fikiria hiyo iwe ndani ya matatu vioo vimefungwa, mtakosa hewa, na haina harufu ya kukushtua kama gesi ya kupikia! Mimi narudisha wangu kwa pikapu ya mizigo, umesimama, umefungwa kamba nyuma.

Kasoro zao: kupima ni ghali kuliko gesi yenyewe, na mtungi ulikaa kwao karibu wiki nzima bila hata kunipigia simu. Lakini soda imetoka safi, haina ladha ya ajabu. Ukienda waambie mapema ni ya vinywaji, si ya kuchomelea, na risiti iandikwe namba ya mtungi wako usije ukarudishiwa wa mtu mwingine.