TAHADHARI: Baiskeli za mbio za "kaboni" za bei ya ofa zinazouzwa kwenye magrupu ya Mwanza

Wadau wa baiskeli wa Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe, someni hii kabla hamjatuma hata mia.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za kuuza na kununua za hapa mjini. Jina lake na namba yake siweki hapa, maana shauri limeshafika polisi, na namba zenyewe anabadilisha kama nguo. Mtamjua kwa anavyofanya kazi, kwa sababu hapo habadiliki.

Tangazo lake lina picha tatu kali za baiskeli nyeusi ya mbio, imeegemezwa kwenye ukuta wa matofali, na chini yametapakaa majani ya njano na mekundu. Majani ya aina hiyo hayaanguki Igoma wala Buhongwa. Chini ya picha anaandika: "Kaboni orijino kutoka Japani, gia 18, haina tatizo lolote, bei ya ofa, mwisho Jumapili." Kaboni ni nyuzi nyepesi za bei ghali zinazotengenezewa fremu, yaani mwili wa baiskeli. Ukimwandikia anajibu haraka na kwa heshima nyingi, na swali lake la kwanza ni hili: "Bosi wangu, bajeti yako shilingi ngapi?"

Msimjibu. Kwenye grupu letu wawili walilinganisha mazungumzo yao naye, wote wakiulizia baiskeli ileile. Dada mmoja alisema ana laki nne, akaambiwa 380,000. Kaka mwingine alitaja laki sita na nusu, akaambiwa 620,000 "na nimekupunguzia kwa sababu wewe ni mtu wangu". Anachopima ni mfuko wako, baiskeli inafuata baadaye.

Huyu si tapeli wa kuchukua hela na kuzima simu. Wale tunawajua, wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Huyu baiskeli anakuletea kweli, ndiyo maana watu wanachelewa kushtuka. Anaomba 100,000 ya "kuishikilia" kwa simu, na jina linalotokea kabla hujathibitisha muamala si lake. Atakwambia ni la mdogo wake. Kisha anapanga mkutane saa kumi na mbili na nusu jioni, mwanga umeanza kupungua, pembeni ya barabara yenye kelele za daladala na bodaboda. Unapanda mita hamsini kwenye lami tambarare, baiskeli inakwenda, unamalizia hela, anaondoka. Ukianza kulalamika kesho yake, anakukumbusha kwamba uliijaribu mwenyewe.

Kijana mmoja anayesoma chuo kule Malimbe aliniletea ya kwake siku ya pili baada ya kuinunua. Nilianza na sumaku ya spika mbovu ninayoiweka kwenye kisanduku cha spana. Ikanata kwenye fremu. Kaboni haishiki sumaku, alumini haishiki sumaku; kinachoshika ni chuma. Nikakwangua kidogo chini ya siti, rangi nyeusi ikatoka, chini yake ikaonekana bluu ya zamani. Zile gia 18 za kwenye tangazo zilikuwa 12, mbili mbele na sita nyuma. Nembo ya kampuni kubwa iliyobandikwa ubavuni ilivulika kwa ukucha. Sasa, chuma chenyewe si kibaya. Fremu nzuri ya chuma ya Kijapani ni mali, inadumu, na ikipasuka fundi anaweza kuichomelea. Ila ni mzigo wa bei nyingine, na hakuna anayetakiwa kuilipia bei ya kaboni.

Hatari yenyewe ilikuwa kwenye matairi. Tairi la nyuma limeandikwa 27 x 1¼, la mbele limeandikwa 700C. Kwa macho huoni tofauti. Lakini tairi nyingi zina namba nyingine ndogo pembeni, na hiyo ndiyo ya kuamini: la inchi 27 ni 630, la 700C ni 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. Fremu ilitengenezwa kwa ajili ya 630, jamaa akachomeka mbele gurudumu la 622 alilolitoa kwenye baiskeli nyingine. Rimu ikawa imeshuka milimita nne kutoka ilipotakiwa kuwa, na raba ya breki ikabaki juu. Kila ukifunga breki ya mbele, raba hailimi rimu, inalima ubavu wa tairi. Nilipolivua nilikuta mstari umechimbika kuzunguka tairi zima, nyuzi zinaonekana, na vipande vya mpira vimejikunja kwenye raba ya breki. Kijana alikuwa amepanga kushuka nayo kilima cha Bugando kesho yake.

Akampigia muuzaji. Jibu: "Hamna shida bosi, gurudumu la saizi hiyo ninalo, 90,000." Hapo ndipo mtego unapofungwa. Anakuuzia kitu kisicho na mwenzake dukani ili urudi kwake. Tairi za 630 hapa mjini utazikuta, lakini nyingi ni zile nene za baiskeli za Kijapani zenye kikapu mbele, na kwenye fremu nyembamba ya mbio haziingii. Na hata zile za kikapu zina mtego wao: kuna za inchi 26 zilizoandikwa 26 x 1⅜, ambazo ni 590, na kuna inchi 26 za milimani, ambazo ni 559. Zote zinaitwa ishirini na sita, hazibadilishani. Kwa hiyo kabla ya kununua baiskeli yoyote ya mtumba, soma ile namba ya pembeni ya tairi, la mbele na la nyuma, kisha piga simu kwa fundi wako au duka la spea uulize kama linapatikana. Hata dakika tano hazifiki.

Baiskeli ya pili niliyoishika kutoka kwake ilikuwa ya alumini kweli. Urembo wake ni stika kubwa chini ya bomba la mbele, karibu na inapoingia foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Tuliibandua, tukakuta puti ya magari, na chini ya puti mshono wa kuchomelea juu ya ufa. Hiyo msipande, hata kwa bure. Alumini nyingi za fremu huimarishwa kwa joto kiwandani; mtu akiichomelea upya bila kurudia kazi hiyo, sehemu inayozunguka mshono inabaki laini, na inapokatika haitoi taarifa. Pale nyuma ya shingo ya usukani, upande wa chini, ndipo pa kuchunguza kwanza, mchana na si jioni. Pitisha kidole, tafuta rangi iliyovimba au mstari mwembamba kama unywele. Kama kweli ni kaboni, igonge kwa sarafu kidogo kidogo kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho: sehemu nzima inalia kwa ukali, sehemu iliyopasuka ndani inatoa sauti iliyokufa.

Cheni ni rahisi kuliko vyote. Chukua futi ya fundi cherehani, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni nzima inakupa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi imekwisha, na mara nyingi imeshakula na meno ya gia za nyuma, kwa hiyo unanunua vyote viwili. Toa hiyo kwenye bei unayomtajia.

Kuhusu ukubwa, huyu bwana kila mtu anamwambia baiskeli inamtosha, "siti inapanda na kushuka". Siti inapanda, lakini urefu wa fremu kutoka siti hadi usukani haubadiliki. Simama bila viatu, mgongo ukutani, pima kutoka kwenye msamba, pale miguu inapokutana, hadi sakafuni, kisha zidisha kwa 0.66. Mwenye sentimita 80 anapata fremu ya kama 53. Kipimo hiki ni cha baiskeli za mbio za muundo wa zamani, zenye bomba la juu lililonyooka, na ndizo nyingi anazouza. Kisha ipande katikati, nyayo zote chini: bomba la juu lisikuguse. Yule dada wa laki nne ni mfupi, alikuwa anauziwa fremu ya 58. Angeendesha amejinyoosha mpaka Usagara, mabega na shingo vingemjibu kabla hajafika Kigongo kuliona daraja.

Kuna na majigambo yake ya "gia kubwa mbele, meno 52, inakimbia sana". Mwanza ni jiji la miamba jamani. Anayeanza, anayetoka Isamilo au anayepanda kurudi Bugando, anahitaji gia ndogo zaidi kuliko kubwa. Mbele 34 na nyuma 28 au 32 utapanda umekaa. Ile ya zamani ya 52 na 42 mbele yenye 24 nyuma itakushusha uisukume.

Halafu helmeti anayokupa bure. Msifurahie. Ndani ya helmeti kuna povu gumu linalofanya kazi kwa kupondeka mara moja tu. Ikishapigwa chini, kazi imekwisha hata kama nje inang'aa. Mbili alizogawa tulizifungua kitambaa cha ndani, moja ina ufa kutoka upande hadi upande, nyingine imeachana na ganda lake. Nyingine tena aliyompa mtu ilikuwa ya mafundi ujenzi, na mtu akaivaa! Tafuteni iliyoandikwa ndani EN 1078 au CPSC, inunueni mpya, na hela yake muitenge kabla ya hela ya baiskeli. Mwenye laki nne mimi humwambia baiskeli isizidi laki tatu, kwa sababu helmeti, tyubu mbili, pampu, raba za breki na taa ya nyuma haviji vyenyewe. Muuzaji anayekumaliza mfuko mzima siku ya kwanza anajua utarudi kwake kukopa spea.

Jambo la mwisho juu ya baiskeli zake ndilo lililotupeleka polisi. Pindua baiskeli yoyote, angalia chini kabisa pale mhimili wa pedeli unapopita: fremu nyingi zina namba imegongwa hapo. Mbili kati ya za kwake zilikuwa zimesagwa kwa tupa, chuma kinang'aa chini ya rangi mpya. Kupokea mali ya wizi, huku ukijua au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na "mimi nilinunua tu" kituoni inahitaji karatasi. Andikianeni: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya fremu, bei, tarehe, sahihi na shahidi mmoja. Muuzaji wa kweli, hata wa mtumba pale soko la Mlango Mmoja, anakuandikia. Huyu ukimwomba kitambulisho anakuwa na haraka ya kuwahi kivuko.

Kwa waliokwisha kutuma hela: piga 100 ya mtandao wako saa hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, hela ikishatolewa, kurudi ni kazi. Usifute mazungumzo, piga picha za skrini pamoja na jina lililotokea kwenye muamala. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipeleke 15040, ndiko mamlaka ya mawasiliano inakopokea taarifa hizi. Kisha nenda kituoni uchukue RB, namba ya taarifa yako polisi. Kudanganya watu kwa njia ya mtandao kupo ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ni ugomvi wa wawili. Waliouziwa walio tayari kuandika maelezo, nitumieni ujumbe binafsi niwaunganishe na wenzenu, maelezo ya watu watano yanabeba kuliko ya mmoja.

Na wanaotafuta baiskeli ya kwanza kwa hela kidogo, msikate tamaa, nzuri zipo na wauzaji waaminifu wapo. Jumamosi asubuhi huwa tunakutana nje ya uwanja wa Nyamagana kabla ya kuondoka. Mwambie muuzaji aje nayo hapo kabla hujamlipa. Sumaku, futi na spana tunazo, kuangalia ni bure, mradi mfike kabla ya saa moja, baada ya hapo tuko barabarani.