Meza ya kraps pale Fremont Street: beti za makato madogo na zile za kukimbia

Wadau mlioko Marekani na nyie mnaopanga kuja kutembea, hii ni rivyuu ya meza ya kraps, ule mchezo wa kamari wa dadu mbili, kwenye kasino moja ya kizamani Las Vegas, upande wa downtown pale Fremont Street, sio yale majumba makubwa ya kwenye barabara ya Strip. Jina naliacha maana kuna malalamiko huko mbele na sitaki maneno na mtu. Naiandika beti moja moja kwa sababu huwezi kusema meza ya kraps ni nzuri au mbaya ukaishia hapo, meza ni moja, dadu ni zilezile mbili, lakini juu ya kile kitambaa wanauza beti ya makato 1.41%, yaani fungu la hela yako linalobaki kwa kasino kwa wastani, na hatua moja pembeni wanauza ya 16.67%, bei haijaandikwa popote, na anayekuhudumia ni yuleyule na tabasamu lake lilelile.

Huduma kwanza. Kiwango cha chini mchana kilikuwa dola 10, jioni wakapandisha hadi 15. Wafanyakazi wanne, mmoja amekaa katikati anachunga hela, madila wawili, yaani wahudumu wa kupokea na kulipa beti, kila mmoja na upande wake, na wa nne ana fimbo ndefu, huyo ndo anasukuma dadu na kupiga kelele. Asubuhi wana darasa la bure kabla meza haijachangamka na nawapa pongezi kwa hilo, yule mama aliyefundisha alikuwa mcheshi na mvumilivu hata kwa wazee waliokuwa wanauliza swali lilelile kila baada ya dakika mbili. Taratibu ni za kawaida: lazima uwe na miaka 21, hela usimpe dila mkononi, iweke mezani yeye ataichukua, dadu unashika kwa mkono mmoja tu, unarusha zigonge ukuta wa mbali, na dadu zikiwa hewani toa mikono yako mezani. Na usitaje saba kwa sauti mtu akiwa anarusha, aisee watakuangalia kama umekuja na uchawi.

Hesabu yake yote iko hapa, mkishika hii mengine yatajileta. Dadu mbili zinatoa michanganyiko 36. Saba inapatikana kwa njia 6, hakuna namba inayoifikia. Sita na nane njia 5 kila moja, tano na tisa njia 4, nne na kumi njia 3, tatu na kumi na moja njia 2, mbili na kumi na mbili njia moja moja. Kwa hiyo kila beti ukiulizwa jiulize tu, njia zangu ngapi, njia za kunipiga ngapi, na wananilipa shilingi ngapi ukilinganisha na hizo. Tofauti ndo makato.

Beti ya mlangoni ni pasi laini, ule mstari mrefu unaozunguka meza. Mrusho wa kwanza ikija 7 au 11 umekula hapohapo, ikija 2, 3 au 12 umeliwa. Namba nyingine yoyote inakuwa pointi, wanaweka kile kidude cheusi na cheupe upande mweupe juu ya namba hiyo, na sasa mnasubiri pointi irudi kabla ya saba. Ikirudi unalipwa dola kwa dola, ikitangulia saba umeliwa na dadu zinahamia kwa mtu mwingine. Makato 1.41%, yaani kwenye dola 10 kasino inatarajia senti 14. Kwa wale wa mikeka mnajua wenyewe kampuni zinakata ngapi kwenye mechi moja, hapa ni nafuu sana. Kitu cha kujua, pointi ikishawekwa hela yako haitoki mpaka mchezo uamuliwe, na wako sahihi kukuzuia maana wewe ulishafaidi ule mrusho wa kwanza ambao ndo unakupendelea, njia 8 za kula dhidi ya 4 za kuliwa.

Sasa twende kwenye odzi, na hapa ndo nina ugomvi na lile darasa. Odzi ni hela ya ziada unayoweka nyuma ya beti yako ya pasi laini pointi ikishapatikana, na ndiyo beti pekee humo mezani inayolipwa sawasawa na hesabu ya dadu: pointi 4 na 10 wanalipa 2 kwa 1, 5 na 9 wanalipa 3 kwa 2, 6 na 8 wanalipa 6 kwa 5. Makato sifuri. Sio kidogo, sifuri kabisa. Na hiyo beti haina sehemu yake iliyochorwa kwenye kitambaa! Kila takataka ina kiboksi chake na rangi yake, hii hakuna alama yoyote, usipoambiwa na mtu utacheza mwaka mzima huijui. Mwalimu aliipitia kama sekunde ishirini hivi halafu akahamia kwenye zile picha za dadu za katikati akakaa hukohuko karibu nusu ya darasa. Mimi nilimuuliza jamaa aliyesimama jirani yangu, mzee mmoja wa Texas, ndo akanionyesha kwa kidole pa kuweka.

Kwenye meza hii, kama nyingi za Vegas, wanaruhusu odzi mara 3 ya beti yako kwa pointi 4 na 10, mara 4 kwa 5 na 9, mara 5 kwa 6 na 8. Inaonekana fujo ila ina akili yake, ukiwa na dola 10 pale mbele ukajaza odzi mpaka mwisho utaweka 30, 40 au 50, na ukishinda odzi inalipa 60 kila mara, dila hasumbuki kupiga hesabu. Ukichanganya hela yote makato yanashuka hadi 0.37%. Ila sikilizeni, makato sifuri sio kwamba hela haiondoki. Pointi ikiwa 6 una dola 60 mezani, saba ikija zinabebwa zote 60, kwa hiyo kama mfuko wako ni dola 100 usijifanye mjanja wa hesabu, weka odzi inayolingana na beti yako au mara mbili yake tu upumue. Na weka namba inayogawanyika, 5 na 9 weka shufwa, 6 na 8 weka mafungu ya tano, la sivyo chenji inabaki kwao.

Donti pasi ni kinyume chake, unabeti pamoja na saba. Mrusho wa kwanza 7 na 11 zinakupiga, 2 na 3 unakula, 12 hakuna anayelipwa wala kuliwa, na hiyo 12 ndiyo inayowapa kasino faida yao. Makato 1.36%, nafuu kidogo kuliko pasi laini. Shida yake ni ya kijamii, meza nzima inashangilia pointi wewe unaombea saba, ukishinda unakusanya chipu zako, vile vidude vya kubetia badala ya hela, kimyakimya na watu wamenuna. Hakuna anayekukataza, na madila hawakunionyesha ubaya wowote, lakini kama umekwenda na wenzako wa kazini fikiria mara mbili. Jambo la kuchekesha, hii unaruhusiwa kuitoa muda wowote baada ya pointi kuwekwa, kwa sababu hapo ndo wewe una nafasi kubwa kuliko wao, kwa hiyo wakikukubalia haraka haraka usidhani ni ukarimu.

Kamu ni pasi laini ileile ila unaiweka katikati ya mchezo, inajitafutia pointi yake yenyewe, makato yaleyale 1.41% na odzi unaongeza vilevile. Unamwambia dila "odzi kwenye kamu yangu" unaweka chipu, yeye anaisogeza. Nzuri, ila mwanzoni inachanganya maana chipu zako zinahamahama kwenye viboksi.

Asiye na subira anacheza plesi, unachagua namba mwenyewe na unataka itoke kabla ya saba. 6 na 8 ni sawa kabisa, weka dola 6 au 12, kila dola 6 inalipa 7, kihesabu ilitakiwa 7 na senti 20, makato 1.52%. 5 na 9 dola 5 inalipa 7 badala ya 7 na nusu, makato 4%. 4 na 10 dola 5 inalipa 9 badala ya 10, makato 6.67%, achaneni nazo. Meza hii haijifichi hapa, dila mwenyewe akiona umeweka 5 kwenye 6 anakwambia ongeza dola moja. Hilo nimelipenda.

Halafu kwenye kona ya meza kuna Big 6 na Big 8, maandishi makubwa rangi nyekundu. Ni namba zilezile 6 na 8, zinashinda na kushindwa vilevile kama plesi, ila zinalipa dola kwa dola tu, makato 9.09%. Bidhaa ileile, mezani palepale, bei mara sita. Kasino nyingi zimeshazifuta kwenye vitambaa vyao, hawa bado wanazo. Nyota sifuri.

Fildi ni beti ya mrusho mmoja, unashinda ikija 2, 3, 4, 9, 10, 11 au 12. Ukihesabu unaona ziko namba saba, watu wanadhani ni nyingi, kumbe njia ni 16 tu kwa 20 za kuliwa, zile zenye njia nyingi wameziacha nje. Kuna kasino zinalipa 12 mara tatu na 2 mara mbili, hapo makato yanakuwa 2.78% na inavumilika. Hawa wanalipa mara mbili zote, 5.56%. Soma kitambaa kabla hujaweka, malipo ya hii yameandikwa.

Tufike katikati, ufalme wa mwenye fimbo. Hapa ndo kuna hadiwei, yani 4, 6, 8 au 10 itoke kwa dadu mbili zinazofanana kabla ya saba na kabla haijatoka kwa njia nyingine. Nane ngumu, yaani 4 na 4, wanalipa 9 kwa 1 wakati ukweli ni 10, makato 9.09%. Nne ngumu wanalipa 7 badala ya 8, makato 11.11%. Halafu kuna za mrusho mmoja: 3 au 11 wanalipa 15 kwa 1, ilitakiwa 17. 12 wanalipa 30 kwa 1 inavutia kweli, ila njia ni moja kati ya 36 kwa hiyo ilitakiwa 35, makato 13.89%. Na ile saba ya mrusho mmoja inalipa 4 wakati ilitakiwa 5, hiyo ndo 16.67%. Mwenye fimbo anaziimba zote kila dadu zikirudi, nani anataka hadiwei, nani anataka yo, yo ndo 11, na anaimba vizuri kwa kweli, mkono unajikuta mfukoni. Chukulia dadu zinarushwa mara 60 kwa saa na wewe kila mrusho unaweka dola 5 kwenye saba, kasino inatarajia dola 50 kutoka kwako saa hiyo. Mwenzako wa pasi laini dola 10 saa hiyohiyo inamgharimu kama dola mbili na nusu. Bado yeye ndo anaonekana amejaza chipu nyingi mezani.

Watu watakwambia bahati ya mrushaji inafuta hesabu. Kweli zipo siku za ajabu, hapo hapo downtown kwenye California Hotel mwaka 1989 mchezaji Stanley Fujitake alishika dadu kwa muda wa saa 3 na dakika 6, mirusho 118, na mwaka 2009 Patricia Demauro akamzidi kule kasino ya Borgata, Atlantic City, mirusho 154 ndani ya saa 4 na dakika 18. Ila kwa wastani mtu anarusha kama mara nane au tisa saba inamtoa. Mimi meza yetu ilikuwa hiyo ya nane au tisa.

Kama unaona aibu kusimama na watu kuna mashine ya kraps pembeni, dadu kubwa zinarushwa ndani ya kuba la kioo, unaanza na dola 3, beti ni hizihizi, unabonyeza tu na hakuna anayekuimbia. Kwa kujifunza naipa nyota nne, kwa raha mbili. Ila meza ya jirani iliyoandikwa "crapless" ipiteni, wanakwambia 2, 3 na 12 hazikupigi mrusho wa kwanza, hawakwambii kwamba na 11 haikupi tena, zote zinageuka pointi, na makato ya pasi laini yanapanda hadi 5.38%.

Ukiondoka usibebe mlima wa chipu ndogo, subiri mchezo uishe, zisukume mbele umwambie dila akubadilishie kubwa, ndo uende dirishani. Na madila wanaishi kwa bakshishi kwa hiyo wakikuhudumia vizuri wakumbuke, unaweza kuwapa chipu tu, au ukawabetia, na wao wanapenda kubetiwa. Hapo ndo pekee mimi hurusha dola moja kule katikati, "yo ya vijana", mwenye fimbo anaigonga kwa fimbo yake anashukuru, ikija 11 wanalipwa 15, isipokuja makato ni yao wenyewe.