Uzoefu wangu na podikasti za mahojiano za Kampala, nikisikiliza kwa cherehani Busia

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia upande wa Uganda, nashona gomesi (yale magauni ya kitamaduni ya akina mama), sare za shule na vitenge, na kazi yetu hii mikono inakuwa bize lakini masikio yako huru kutwa nzima. Zamani ilikuwa redio, siku hizi kinacholia dukani kwangu ni podikasti za mahojiano kutoka Kampala, zile mtangazaji anakaa na mtu mmoja saa moja na nusu mpaka mbili, leo mfanyabiashara, kesho msanii, kesho kutwa mbunge au mkubwa wa Mengo, makao ya ufalme wa Buganda. Nimesikiliza nyingi na nimezipenda kweli, kwa hiyo naandika hapa kwa yule anayejiuliza kama bando lake litaenda bure. Sitapima shoo moja moja, naongea juu ya zote maana tabia zao zinafanana sana.

Kwa kifupi zinafaa, tena sana kama una biashara yako, ila chagua anayeuliza kabla hujamchagua anayeulizwa. Mgeni mwenye jina kubwa mbele ya mtangazaji mzembe hakupi kitu, na mtu ambaye hujawahi kumsikia akipata mtu anayejua kuchimba unaweza kutoka na kitu cha kutumia kesho asubuhi dukani.

Nasema hivi kwa sababu wajasiriamali wetu karibu wote wana mstari mmoja, "nilianza bila kitu". Sawa, ulianza bila kitu, halafu dakika tano baadaye tuko kwenye jengo lako la Ntinda na magari matatu, sasa hapo katikati palikuwa na nini? Mimi hapo katikati ndipo ninapoishi! Nataka kujua pesa ya kwanza ilitoka kwa nani, ni mkopo wa benki au kikundi cha akina mama, riba ilikuwa ngapi, mwaka gani ulikaribia kufunga na ulimwambia nini mwenye nyumba. Mtangazaji dhaifu akisikia "nilianza bila kitu" anasema eeh hiyo inatia moyo sana, anaruka kwenda swali lingine, na mimi huku nabaki nimeshika mkasi nasubiri.

Nitoe mfano wa mahojiano yaliyonishika. Alikuwa mama mmoja anayeshona mabegi ya shule, si mtu maarufu kabisa, na mtangazaji alimuuliza kuhusu oda yake kubwa ya kwanza. Yule mama akaanza kuzunguka, Mungu ni mwema, tulipambana, mtangazaji akamrudisha taratibu, "shule ilikulipa lini?" Kimya kidogo. Halafu akafunguka, kwamba shule ilichelewesha mpaka muhula ukaisha, akauza cherehani zake mbili kuwalipa wasichana aliokuwa amewaajiri, na kuanzia hapo hakati kitambaa cha shule yoyote kabla hajapokea nusu ya pesa, hata mwalimu mkuu awe ndugu yake. Nilisimamisha mashine nikarudisha nyuma kusikiliza tena. Sasa hivi kwenye daftari langu la oda ukurasa wa sare una mstari wa dipoziti juu kabisa, na wasichana ninaowafundisha wanajua kwamba kama huo mstari uko wazi kitambaa hakiguswi. Hakuna semina ya ujasiriamali iliyonipa hicho, nilikipata kwa swali moja lililoulizwa vizuri.

Kwenye wakubwa wanaojulikana, Amos Wekesa wa Great Lakes Safaris namsikiliza popote alipoenda na sichoki. Kwanza ni mtu wa mpakani kama sisi, amekulia Lwakhakha, alianza kwa kufagia kwenye kampuni ya utalii, halafu 2001 akaanzisha ya kwake. Ninachompendea anaongea utalii kama mtu anayeujua kwa miguu yake, mbuga, barabara, hoteli, wageni wanataka nini, hata kama hukubaliani naye unaelewa pesa inapita wapi.

Wasanii ndio wananiumiza moyo. Mtu kama Eddy Kenzo, mtoto wa Masaka aliyelala barabarani miaka mingi, 2014 ngoma yake na wale watoto wa Ghetto Kids ikazunguka dunia, 2015 akachukua tuzo ya BET, mwishoni mwa 2022 akatajwa kuwania Grammy, wa kwanza kutoka Uganda, hapo kuna masaa na masaa ya maswali ya maana! Ulijifunzaje kusoma mkataba, promota anachukua kiasi gani shoo ikijaa na shoo isipojaa, pesa ya YouTube inaingia kwa nani, nani ana haki ya nyimbo zako za mwanzo. Lakini ukiwasikiliza wasanii kwenye mahojiano mengi unakuta nusu saa nzima ni nani aligombana na nani na nani anatoka na nani. Najua udaku ndio unaleta watazamaji, klipu ya dakika moja inakimbia TikTok, lakini kuna kijana pale Soko la Busia anaimba vizuri ajabu na anasaini karatasi ambazo hajazisoma, huyo ndiye angefaidika kama maswali ya mkataba yangeulizwa.

Viongozi inategemea. Katikkiro (waziri mkuu wa ufalme wa Buganda) Charles Peter Mayiga, aliyeko kwenye kiti tangu 2013, akizungumzia kahawa na ile kampeni ya kulima kahawa, Emmwanyi Terimba, napenda kumsikia, kwa sababu kahawa ni kitu unaweza kuuliza miche, shamba, bei, na yeye anajibu. Wanasiasa wengi ni hotuba tu. Na tuwe wakweli, nchi hii watu wamejifunza kuchunga mdomo kwenye kipaza sauti, sisi tuliokuwepo tunakumbuka ebimeeza, ile mijadala ya redio ya hadharani ambapo mwananchi yeyote alisimama akaongea, serikali ikaipiga marufuku Septemba 2009 baada ya ghasia za Kayunga na Kampala, na redio ya CBS ya Buganda ikafungwa zaidi ya mwaka mzima. Kwa hiyo mtangazaji kijana anayethubutu kumuuliza mbunge barabara yetu imekwama wapi na kusubiri jibu bila kucheka naye, huyo namheshimu sana, hata kama shoo yake sauti inatoa mwangwi na jenereta linasikika nyuma.

Kitu kimoja kilinikera na nakisema ili wengine wawe macho. Kuna shoo moja ilimleta kijana wa kutajirisha watu kwa forex, biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, saa nzima anasifiwa, hakuna swali hata moja la hasara, na mwisho inatolewa namba ya kutuma pesa ili "ujiunge na darasa". Jirani yangu muuza viatu alituma na hakuna darasa aliloliona. Kama mgeni amelipia kukaa kwenye kile kiti tuambiwe mwanzoni tu, si dhambi kutangaza biashara, lakini mtu anayesikiliza ameshamwamini mtangazaji kwa miezi na uaminifu huo una thamani.

Sasa bando, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Ile kodi ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018 ilitolewa 2021 lakini ikaja asilimia 12 juu ya data, kwa hiyo kila bando unalonunua kodi iko ndani. Shoo nyingi ziko YouTube kwa video, saa mbili za picha nzuri zinakula MB vibaya, na mimi simtazami mtu nikiwa napiga pasi. Ninachofanya nashusha ubora wa video mpaka 144p, wa chini kabisa, au nikiikuta ileile Spotify, ambayo Uganda ilifika Februari 2021, nadanlodi sauti usiku na asubuhi nasikiliza bila intaneti, podikasti pale unadanlodi bila kulipia. Facebook serikali iliifungia Januari 2021 na bila VPN, app ya kukwepa kufungiwa, haifunguki vizuri, kwa hiyo klipu nazipata kwa WhatsApp na TikTok.

Lugha nayo. Karibu zote ni Kiingereza au Luganda. Mimi Luganda nimejifunza Kampala nikiwa mwanafunzi wa ufundi, Kiingereza nimesoma, lakini wasichana wangu wawili wa dukani ni Wasamia, lugha yetu dukani ni Kiswahili, na kila kitu kizuri kikisemwa nasimamisha simu nawaelezea, wao wanauliza, tunabishana, tunaendelea, kwa kweli hayo mabishano ndiyo nusu ya utamu. Lakini inanishangaza. Kiswahili kiliwekwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili 2005, baraza la mawaziri likakisukuma tena Julai 2022, na bado mtu akitaka mahojiano marefu kwa Kiswahili inabidi avuke kwa sikio aende Nairobi au Dar es Salaam. Naelewa wazee wa Buganda walikuwa wanakisikia kwa askari tu na kumbukumbu za enzi ya Amin haziishi haraka. Ila huku mpakani, na Kampala kwenyewe Kisenyi, na kwa Wanubi wa Bombo, watu wanafanya biashara kwa Kiswahili kila siku na wana hadithi zao, hakuna anayewawekea kipaza sauti.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano naishikilia mpaka watoke Kampala. Waje Busia wamtafute mama anayepitisha samaki na mahindi kwa kuhesabu pesa za nchi mbili kichwani bila kalkuleta, wamuulize siku shilingi ya Kenya ikishuka anafanyaje. Wawatafute wale wazee wa baiskeli, kwa sababu biashara ya boda boda ambayo leo imejaa Kampala yote ilianzia hapa hapa miaka ya 60, vijana wanabeba watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Wale waliobaki ni wazee sana sasa. Mwanzo wa maswali ninao tayari: baiskeli ya kwanza ulinunua kwa pesa ya nani?