Bledi za skroli so zisizo na pini: uzoefu wangu wa miezi saba, Tabata

Mwezi wa kwanza niliamini kabisa kwamba nimeuziwa mashine mbovu. Nilikuwa nimedunduliza karibu mwaka mzima kununua skroli so, ile mashine ndogo ya mezani ya kukatia herufi na maua kwenye mbao. Kila kibao nilichopitisha kilitoka na kingo zilizoungua au mstari umepinda, na mara nyingine bledi ilikatika kazi ikiwa nusu. Nilishaanza kumtafuta mtu wa kumuuzia. Leo mashine ni ileile, iko palepale barazani, na wateja wananisubiri. Nilichobadilisha ni bledi na namna ya kuzifunga.

Nakata vibao vya mlangoni na majina ya watoto. Neno linaloagizwa zaidi ni KARIBU, na ndilo lililonifundisha. Lihesabu: A ina tundu moja, R moja, B mawili. Matundu manne ndani ya neno moja, na kila tundu unatoboa kwanza kwa drili, unapitisha bledi, unaifunga upya, ndipo unakata kwa ndani. Bledi zilizokuja na mashine zilikuwa za pini, yaani zina kijiti kidogo cha chuma kimepita kila ncha. Kuzifunga ni rahisi sana, unaning'iniza tu juu na chini, na ndiyo maana sisi wanaoanza tunazipenda. Ila ili pini ipite, tundu la drili linapaswa kuwa kama milimita 5. Kwenye herufi ya sentimita 4, tumbo la R ni milimita 8 hivi. Ukishatoboa tundu la 5 hapo, unabaki na nini cha kukata? Herufi zangu zilikuwa na matundu ya duara kama zimepigwa risasi.

Nilipeleka kibao kimoja Keko kwa mzee fundi ninayemnunulia vipande vya mninga. Akakigeuza mara mbili, akaniuliza, "Binti, hiyo mashine haikuja na vibano?" Vilikuja. Vilikuwa ndani ya kifuko cha nailoni, vipande viwili vya chuma vyenye skrubu ndogo, nami nilidhani ni spea. Kumbe ndivyo vinavyoshika bledi zisizo na pini. Mashine yako kama ni ya bei ya chini, angalia vizuri ndani ya boksi kabla hujalitupa.

Bledi zenyewe nilizipata Gerezani, baada ya kuzunguka maduka manne. Pakiti ya dazeni moja nililipa shilingi 18,000. Urefu ni ule wa kawaida wa inchi 5, na namba inaonyesha unene: kadiri namba inavyopanda, bledi inakuwa pana na meno yanakuwa makubwa. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni achukue namba 5 na asihangaike na nyingine kwanza. Inapita kwenye tundu la milimita 2 bila shida, inakata mninga wa milimita 18, na haikatiki ovyo. Namba 3 ni nzuri kwa plaiwudi ya milimita 6. Namba 1 nilinunua kwa tamaa ya kona kali, zikaniishia nne kwa jioni moja. Bledi za msokoto, zenye meno pande zote, zinakata kuelekea popote bila kuzungusha ubao, lakini ukingo wake unatoka wa kukwaruza na msasa wake unachosha. Sizipendekezi kwa herufi.

Kama utapata zenye meno ya kurudi, lipa hiyo tofauti. Meno machache ya chini kabisa yanatazama juu, yale mengine yote yanatazama chini, kwa hiyo upande wa chini wa ubao hauchanikichaniki. Bledi ikifika juu kabisa, meno mawili au matatu ya kurudi yanapaswa kuonekana juu ya meza. Yakionekana mengi zaidi, kata kidogo ncha ya chini kwa plaizi.

Kufunga ndiko kulikonipotezea bledi nyingi kuliko kitu kingine. Chomoa plagi kwanza. Meno yakutazame wewe na yaelekee chini. Kwa macho ni vigumu kuyaona, basi pitisha kidole taratibu: ukishuka kinateleza, ukipanda kinakwama. Mimi nilifunga moja kichwa chini, nikawasha, ubao ukarukaruka mezani kwa nguvu hadi nikaogopa kuusogelea. Tangu hapo sikosi kupitisha kidole.

Kosa la pili lilikuwa mafuta. Bledi mpya huja na utando wa mafuta wa kuzuia kutu, na hapa Dar kwa hewa hii ya bahari unahitajika kweli. Lakini ncha zenye mafuta zinateleza kwenye kibano, bledi inachomoka, wewe unadhani skrubu imekufa. Sasa nafuta ncha zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti na kuzigusa na msasa laini. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Halafu kukaza. Bledi legevu inapinda ndani ya mbao, inaungua na kukatika, na karibu lawama zote nilizoitupia mashine zilitoka hapa. Ninaidonoa kama uzi wa gitaa: ikitoa sauti kali, safi, imekaza, ikitoa sauti nzito, bado. Ukiisukuma kwa kidole pembeni isiende zaidi ya milimita 3.

Mninga unaungua haraka, kwa hiyo nabandika tepu ya kufungia maboksi juu ya mchoro. Inasaidia bledi iteleze, alama za moto zimepungua sana. Bledi moja hunipa kama nusu saa kwenye mninga. Ukiona unaanza kusukuma ubao kwa nguvu, badilisha, usiionee huruma. Mpingo, ule ambao ukiutupa majini unazama, ulimaliza bledi mbili kwa kibao kimoja chenye ukubwa wa kiganja, na sasa kazi ya mpingo nawaachia wachongaji wa Mwenge. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na koo.

Jambo moja linaniudhi bado: bledi hizi zinavuta upande mmoja, kwa sababu zimetengenezwa kwa kugongwa na ukingo mmoja una makali yaliyobaki. Mstari ulionyooka unalazimika kuupeleka ubao umeinama kidogo. Wiki mbili hivi mkono unazoea, lakini ukimwachia mtu mwingine mashine atalalamika.

Zile za pini sikuzitupa. Nazitumia kukata umbo la nje la vibao vya paina, kule ambako hakuna tundu la kuingia.