Pistoni za kufuliwa ndani ya Subaru STI: kilomita 6,000 baadaye

Kabla sijaongeza presha ya turbo katika Subaru Impreza WRX STI yangu, niliamua kutoa pistoni za kusubu (zilizomiminwa katika kalibu) za injini yake ya EJ257 na kuweka zilizofuliwa, yaani zilizoumbwa kwa kukandamizwa, kwa aloi ya alumini iitwayo 2618, kwa kuwa aloi hiyo ina silikoni kidogo na huvumilia kishindo cha petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, kishindo ambacho huweza kukata kingo za pistoni ya kusubu kati ya ringi na ringi.

Gereji ya kwanza hapa Nairobi ilitaka kuzifunga bila kupima silinda, nami nikaliondoa gari siku hiyohiyo. Fundi wa pili alipima kila silinda, yenye kipenyo cha milimita 99.5, mahali patatu, akaacha nafasi ya milimita 0.08 kati ya pistoni na ukuta, kwani aloi hii hutanuka sana ikipata joto. Upimaji huo ndio ulionifaa zaidi ya kitu chochote nilichokilipia. Pistoni zenyewe mwenye fedha yeyote ataagiza.

Asubuhi za baridi za Julai injini hugonga kidogo, kisha hunyamaza ikishapata moto. Hilo nimelizoea. Kinachonikera ni oili, ambayo naongeza karibu nusu lita kila kilomita 2,000. Hata hivyo ningezinunua tena, kwani nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru kwa gia ya nne, gari huvuta bila kusitasita.