Oksijeni sensa kwa gari iliyochezewa injini: ipi ununue, na kwa nini uanze kuangalia waya

Wadau, inboksi yangu wiki hizi ni malalamiko ya aina moja tu. Mtu ana Impreza ya turbo au Altezza, katoa masega (kile kisafisha moshi), kavalisha daunipaipu kubwa (bomba la kushusha moshi), kabadilisha na sehemu ya kuvutia hewa, sasa taa ya chekinjini inawaka na gari inakula mafuta balaa, fundi kamwambia "hiyo ni oksijeni sensa tu", kanunua, kafungiwa, kesho yake taa ileile. Wengine wameshanunua tena na tena. Nimeona niandike kabla hamjamalizia mishahara Kariakoo. Oksijeni sensa ni kile kipimo cha kwenye bomba la moshi kinachoiambia kompyuta ya injini moshi una oksijeni kiasi gani; ya mbele iko kabla ya masega, ya nyuma baada yake.

Habari za nati na uzi siziongelei, nyingi ni za uzi wa M18 zitaingia, na muuzaji atakuonesha hivyo akifikiri ndio kakumalizia kazi.

Kwanza soma kodi, yaani namba ya hitilafu inayotolewa na skana. Kama ni P0420 na masega ulishayatoa, sensa haina kosa jamani, ile ya nyuma inakwambia ukweli kwamba masega hayapo, hata ukinunua mpya itakwambia hivyohivyo. P0135 ni hita (kipasha moto) ya sensa ya mbele, hapo angalia fyuzi kabla ya pochi maana kwenye gari iliyofungwa daunipaipu waya huwa unaachwa ukigusa bomba, unayeyuka, unapiga shoti, fyuzi inaondoka. P0171, yaani kompyuta inaona mafuta kidogo hewa nyingi, ndiyo inayowaponza wengi. Tafuta kwanza gasketi inayovuja kabla ya sensa, hasa kama hedasi (mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini) zimechomelewa mtaani. Bomba la moshi halisukumi nje tu, kila pigo la moshi likipita linaacha kamvuto kadogo nyuma, hewa ya nje inaingia kwenye ufa, sensa inaona oksijeni, kompyuta inaongeza mafuta, plagi zinakuwa nyeusi tii. Misifaya nayo ni hivyohivyo, mafuta yasipoungua oksijeni inatoka nzima nzima na sensa inaripoti hewa nyingi wakati bomba linanuka petroli.

Ukiwa na skana ya bluetooth na simu yako, pasha injini moto, ishikilie kwenye mizunguko 2500 hivi kwa dakika, sensa ya kawaida inatakiwa irukeruke haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikisinzia katikati kwenye 0.45 au ikiganda, hapo ndio tuongee kununua. Angalizo kwa wenye Subaru za turbo na Toyota nyingi za miaka ya 2000: ya mbele mara nyingi siyo oksijeni sensa ya kawaida, ni eafyuo sensa (ya kupima uwiano wa hewa na mafuta), hiyo hairukiruki hivyo, na huwezi kuweka moja mahali pa nyingine hata kama nati inakaa vizuri.

Sasa kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia na mafundi wengi hawakijui: sensa hizi zinapumua kupitia waya. Sitanii. Ili ijue moshi una oksijeni kiasi gani inabidi ilinganishe na hewa ya nje, na hiyo hewa ya nje inapita katikati ya nyuzi za shaba ndani ya waya, kuanzia kwenye soketi mpaka ndani ya sensa. Fundi akikata waya akaunga kwa risasi, risasi inanyonywa ndani ya nyuzi na kuziba njia. Akipulizia dawa ya kusafishia umeme kwenye soketi au kupaka grisi eti isiingie maji, mvuke wa mafuta unaingia ndani badala ya hewa. Volti inashuka, kompyuta inadhani hewa imezidi, inamwaga mafuta. Sensa mpya kabisa, imeuliwa mezani kwa fundi, na wewe unaambiwa ulinunua feki.

Halafu kuna hii ya rangi. Denso ya waya nne, hita ni zile mbili nyeusi, bluu ni signo (waya wa kupeleka kipimo kwenye kompyuta) na nyeupe ni ardhi yake. Bosch, hita ni nyeupe mbili, signo ndio nyeusi, kijivu ni ardhi. Sasa fundi anachukua Bosch ya kuunga, ile isiyo na soketi, anaiunga kwenye mkia wa Denso iliyokufa, nyeusi kwa nyeusi, nyeupe kwa nyeupe, anafunga na tepu, anafuta mikono. Umeme wa hita umeenda kwenye signo. Mimi nikiona tepu nyeusi karibu na sensa siulizi tena gari ina shida gani.

Kwa hiyo kigezo changu ni kimoja, ije na soketi yake, isiguswe na mkasi.

Namba moja Denso, na simung'unyi maneno, naipenda. Gari nyingi tunazoagiza kutoka Japani zilitoka nayo kiwandani, soketi inaingia klik, urefu wa waya unafika bila kuvutwa. Kama umefunga hedasi ndefu na sensa imesogea mbali, nunua ekstensheni yenye soketi pande zote mbili, usikate.

Namba mbili NTK, hawa ni ndugu wa plagi za NGK. Kama iliyotoka kwenye gari yako ilikuwa NTK basi kwako ndio namba moja, tusibishane.

Namba tatu Bosch. Heshima yao ipo, ndio walioanzisha hii kitu kwenye Volvo mwaka 1976, na kwa gari ya Mjerumani usihangaike na nyingine. Ila kwenye Mjapani tutakutana na ile ya kuunga, nimeshasema. Pale wanaponipata ni LSU 4.9, waidibendi (inayopima mchanganyiko kwa upana), kwa wewe uliyeongeza busti (presha ya turbo) au injekta kubwa na unataka geji ikuoneshe mchanganyiko halisi. Hii haitegemei hewa ya kwenye waya kama zile nyingine, lakini ndani ya soketi yake kuna kirezista cha kuisahihisha sensa hiyohiyo moja, ukikata soketi umekitupa. Ifunge imelala juu kidogo ya usawa, angalau digrii 10, maji ya moshi yasikae ndani yakaipasua ikipata moto.

Used ya kwenye injini zilizoshushwa, sawa, kama soketi ipo na anakuruhusu kupima hita na mita. Akikataa ondoka. Zile zisizo na jina za bei ya chee, hapana.

Na bei sasa! Nikiingia mimi duka moja Gerezani naambiwa "anti, hiyo ni laini, haipatikani", bei inapaa, nikimtuma kijana wa gereji dakika hiyohiyo inashuka. Ukiuliza kwa nini, dola. Dola ilipanda kati ya mlango na kaunta? Na boksi la Denso limekaa kwenye kabati la kioo limepauka na jua, ukifungua ndani kuna kitu hakijaandikwa chochote kwenye chuma, wakati Denso ya kweli ina namba imechorwa kwenye mwili wake. Ukirudisha unaoneshwa kibao cha "vifaa vya umeme havirudishwi".

Kwa hiyo msiende na jina la gari. Ukisema "ya Forester" utapewa yoyote. Fungua ya zamani kwa spana ya 22 injini ikiwa vuguvugu, isafishe nati kwa kitambaa, piga picha namba ile na soketi ikionesha idadi ya pini, tuma kwanza, mwambie akutumie picha ya ile ya kwake nje ya boksi, ndipo mpatane.